Kuuza nguo kwa mtu asiyeweza kuigusa: mwongozo kamili wa kujenga lebo na duka lako la mtandaoni

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Walisema hivyo enzi ambazo mnunuzi alikuwa na nguo mkononi: anaivuta aone kama inarudi, anaigeuza atazame mshono wa ndani, anaiinua kwenye mwanga aone kama inaonyesha. Mtandaoni hafanyi hata kimoja kati ya hivyo. Anaona picha kwenye simu, kisha anaombwa alipe kabla nguo haijamfikia. Hapo chema hakijiuzi hata kiwe chema kiasi gani.

Kazi yote ya kujenga lebo ya nguo mtandaoni, kwa jinsi ninavyoiona, ni kumpa mnunuzi kile ambacho mkono wake umekikosa. Kitambaa, vipimo, jina, picha, hata namna unavyopokea nguo iliyorudishwa, vyote vinajibu swali lile lile: nitajuaje kwamba kitakachofika ndicho nilichokiona? Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na nguo na kumalizia na duka. Wengi huanza kwa kuchora nembo, wakafungua tovuti, halafu ndipo wakatafuta fulana za kuchapa. Mpangilio huo unapendeza wiki ya kwanza tu.

Hatua ya 1: Chagua mtu mmoja na nguo moja

"Vijana wanaopenda mitindo" si mteja. Mteja ni mtu unayeweza kueleza shida yake ya nguo: mwanamke mrefu ambaye kila gauni linamwishia juu ya goti, mwanaume mwenye mabega mapana ambaye shati likimtosha begani, linamning'inia tumboni, mama anayenyonyesha anayetaka blauzi isiyofanana na vazi la hospitali, mtu anayefanya kazi juani na anataka mikono mirefu isiyomchemsha. Ukipata shida ya aina hiyo, nusu ya matangazo yako tayari imeandikwa.

Kisha chagua nguo moja ya kuanzia. Moja kweli. Hesabu yenyewe ni hii: mitindo 3, kila mmoja kwa rangi 4, kila rangi kwa saizi 5, ni bidhaa 60 tofauti za kuhesabu, kupiga picha na kuhifadhi. Ukiwa na mtaji wa nguo 120, kila bidhaa ina vipande 2. Wakinunua watu watatu wa saizi M nyeusi, duka lako limeishiwa huku limejaa. Mtindo mmoja kwa rangi mbili na saizi nne ni bidhaa 8, na nguo zile zile 120 zinakupa vipande 15 kwa wastani.

Usigawe vipande sawa kwa kila saizi. Saizi za katikati hutoka zaidi, kwa hiyo mgawo wa kuanzia ambao watu wengi wa biashara hii huutumia ni moja kwa mbili kwa mbili kwa moja: kwenye nguo 60, S zinakuwa 10, M 20, L 20, XL 10. Mteja wako akiwa ni mtu wa mwili mkubwa, sogeza mgawo wote juu. Baada ya toleo la kwanza utakuwa na takwimu zako mwenyewe na utaachana na huu.

Hatua ya 2: Kitambaa, na jaribio la ndoo

Uzito wa kitambaa hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Kwenye orodha za wauzaji utaona herufi GSM. Fulana ya gramu 140 hadi 160 ni nyepesi, ya 180 hadi 200 ni ya kati, na kuanzia 220 kwenda juu ni nzito. Sweta la kofia kwa kawaida huwa kati ya 300 na 400. Namba hii iandike mahali, kwa sababu utaitumia tena kwa fundi na kwenye ukurasa wa mauzo.

Usiagize kitambaa kwa picha. Omba kipande, na ukikipata usikitazame tu. Kata mraba wa sentimita 60 kwa 60, uushone kingo ili usifumuke, kisha uchore ndani yake mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwa kalamu isiyofutika. Ufue jinsi mteja atakavyofua, yaani kwa sabuni ya kawaida na bila huruma, pamoja na kitambaa cheupe kikuukuu. Kausha, piga pasi, pima. Ukitoka 50 ukawa 47.5, kitambaa kimerudi kwa asilimia 5. Asilimia 5 inasikika kama kitu kidogo, lakini fulana ya urefu wa sentimita 72 itakuwa 68.4 baada ya kufuliwa, na mtu aliyeinunua kwa sababu inafunika mkanda ataanza kuonekana kitovu akiinua mkono.

Tazama na mambo mengine mawili. Kile kitambaa cheupe kikitoka na rangi, nguo yako inachuja. Na ukishona fulana ya majaribio ukaifua mara kadhaa, angalia mshono wa ubavuni: kwenye vitambaa vya kufuma vya bei nafuu mshono huo hupinda ukasogea mbele ya tumbo. Hakuna pasi inayourudisha. Tatizo liko kwenye uzi na namna kitambaa kilivyofumwa, kwa hiyo dawa ni kubadilisha kitambaa au kununua kilicholoweshwa na kutulizwa kiwandani kabla ya kukatwa.

Ukipenda pamba, uliza kama nyuzi zake fupi zimechanwa na kuondolewa. Pamba ya namna hiyo ni laini zaidi na haitoi vijiviringo vya nyuzi upesi.

Hatua ya 3: Karatasi ya maelezo ya fundi, na vipimo

Mafundi wawili wakipewa fulana moja na kuambiwa "shona kama hii", watakuletea fulana mbili. Andaa karatasi ya maelezo kwa kila mtindo: mchoro wa mbele na nyuma, aina na uzito wa kitambaa, rangi ya uzi, aina ya mshono kila mahali, upana wa pindo, mahali lebo inakaa, mahali mchoro unachapwa na umbali wake kutoka kwenye kola kwa sentimita. Mchoro si lazima uwe wa kisanii. Ninapenda ule wa kalamu wenye mishale mingi kuliko wa kompyuta usio na vipimo.

Vipimo huchukuliwa nguo ikiwa imelazwa juu ya meza, imenyooshwa bila kuvutwa. Kifua hupimwa kutoka kwapa hadi kwapa, sentimita 2.5 chini ya kwapa. Urefu huanzia sehemu ya juu kabisa ya bega, pale linapokutana na kola, hadi kwenye pindo. Bega hupimwa kutoka mshono hadi mshono, na mkono kutoka mshono wa bega hadi pindo la mkono. Kati ya saizi moja na nyingine, kifua cha nguo iliyolazwa kwa kawaida huongezeka kwa sentimita 2.5, sawa na sentimita 5 za mzunguko. Andika pia tofauti utakayoivumilia: sentimita 1 kila upande ni kiwango cha kawaida kwa fulana. Bila mstari huo huna msingi wa kukataa kazi mbovu.

Sampuli zipitie mikono angalau mara tatu. Ya kwanza ni ya kuona umbo. Ya pili ni ya vipimo, nayo ivaliwe na watu wa kweli wa saizi tofauti, wakae, wainame, wainue mikono. Ya tatu ishonwe kwa kitambaa chenyewe, uzi wenyewe na lebo zenyewe. Hiyo utaitia saini na kubaki nayo wewe, ili mzigo ukifika uwe na cha kulinganishia. Mzigo ukija, pima nguo moja katika kila kumi kabla ya kumaliza malipo. Weka masharti ya malipo yanayoruhusu jambo hilo tangu mwanzo: sehemu wakati wa kuagiza, iliyobaki baada ya ukaguzi.

Hatua ya 4: Uchapaji

Uchapaji wa skrini unahitaji skrini moja kwa kila rangi, kwa hiyo maandalizi ni ghali na kila fulana inayofuata ni rahisi. Unafaa ukichapa nyingi kwa rangi chache, na ukifanywa vizuri unadumu. Uchapaji wa DTF hutumia filamu inayobandikwa kwa joto. Unakubali rangi nyingi na oda ndogo, ila mchoro hukaa juu ya kitambaa, na ukiwa mkubwa kifua kizima kinahisi kama plastiki. Mashine za DTG hunyunyiza wino moja kwa moja kwenye nguo, na hutoa matokeo mazuri zaidi kwenye pamba. Kudarizi kunadumu kuliko vyote, lakini herufi zenye kimo cha chini ya milimita 5 huvimba na kufungana.

Kuna pia huduma za kuchapa oda ikiingia, kama Printful na Printify: wewe unaleta mchoro, wao wanachapa na kutuma. Huhitaji stoki. Ni njia nzuri ya kupima kama mchoro unapendwa. Kwa lebo inayotaka kujulikana kwa nguo yenyewe siipendekezi, kwa sababu kila oda inakwenda kwa mteja bila wewe kuikagua, na fulana ile ile inauzwa na maelfu ya watu wengine wenye michoro tofauti.

Hatua ya 5: Jina, nembo na ulinzi wake

Sasa unajua unamshonea nani na nguo yako ina sifa gani. Jina litakuja kirahisi zaidi. Lifanyie jaribio la simu: mpigie mtu, mtajie jina mara moja, umwombe aliandike. Akikosea, na wateja wako watakosea wanapolitafuta.

Jina linaloeleza tu bidhaa, mfano "Fulana Bora", ni gumu kulilinda kisheria, kwa sababu kila muuza fulana ana haki ya kulitumia. Jina la kubuni, au neno lisilohusiana na nguo, hulindika vizuri zaidi. Kabla hujalipenda mno, tafuta kwenye Global Brand Database ya WIPO, Shirika la Dunia la Miliki Bunifu, ambayo ni bure, na kwenye daftari la alama za biashara la nchi yako. Katika mgawanyo wa kimataifa wa Nice, ulioanzishwa kwa mkataba wa mwaka 1957, nguo, viatu na kofia ziko daraja la 25. Mikoba na bidhaa za ngozi daraja la 18. Huduma za kuuza rejareja daraja la 35. Kwa lebo mpya yenye mtaji mdogo, daraja la 25 ndilo la kwanza. Nchi nyingi humpa haki aliyesajili kwanza, si aliyetumia kwanza, kwa hiyo kuchelewa kuna gharama. Ukianza kuuza nje, mfumo wa Madrid unakuruhusu kupeleka ombi moja kwa nchi nyingi wanachama.

Siku hiyo hiyo nunua domeni, yaani anwani ya tovuti yako, na ufungue akaunti za mitandao kwa jina hilo, zote kwa barua pepe ya biashara na si ya rafiki anayekusaidia. Washa malipo ya kujirudia ya domeni. Domeni iliyosahaulika hununuliwa na mtu mwingine, naye atakuuzia kwa bei aitakayo.

Kuhusu nembo, nasema machache. Iwe inasomeka ikiwa nyeusi tupu. Ipunguze hadi upana wa sentimita moja, kwa sababu ndivyo itakavyokuwa kwenye lebo ya shingoni. Kama mistari imefungana, ichore upya. Hifadhi faili la vekta, SVG au EPS, ili ikuzwe bila kuharibika. Hakikisha leseni ya fonti inaruhusu biashara. Andika namba za rangi zako, za skrini na za Pantone, orodha ya rangi zenye namba wanayoitumia wachapaji, kwa kuwa "bluu ile yetu" si maelekezo kwa mchapaji. Nembo ya Stüssy, lebo ya nguo ya Marekani, ni saini ya Shawn Stussy, aliyokuwa akiiweka kwenye mbao za kutelezea mawimbi kabla haijahamia kwenye fulana. Uzito wake ulitokana na mbao zile na watu waliozitumia, mwandiko ukaja kubeba jina hilo.

Hatua ya 6: Bei, kwa daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mahali inapopotea kimya kimya kama kwenye nguo. Chukua nguo moja na uhesabu kila kitu kwa sarafu yako. Hapa natumia namba tupu:

Kitambaa 30
Kukata na kushona 25
Kuchapa 15
Lebo, kitambulisho cha bei na mfuko 8
Usafiri kutoka kwa fundi 4
Fungu la nguo zenye kasoro 3
Jumla 85

Wengi huzidisha mara mbili, wakauza kwa 170, na kuhesabu faida kuwa 85. Sasa toa ada ya malipo, tuseme asilimia 4, yaani takriban 7. Toa 15 ulizochangia kwenye usafiri wa mteja, 25 za picha na matangazo, 6 za fungu la nguo zitakazorudishwa. Jumla ni 53. Umebaki na 32, na bado hujajilipa wewe.

Mwisho wa mwezi mauzo yamelala, unatangaza punguzo la asilimia 20. Bei inakuwa 136. Baada ya 85 za kutengeneza zinabaki 51. Ada ya malipo imeshuka hadi 5, lakini usafiri, matangazo na fungu la marejesho hazijashuka: 5 na 15 na 25 na 6 ni 51. Umeuza, umefungasha, umetuma, umejibu ujumbe, na hujapata kitu. Na duka la mtu mwingine likitaka kununua kwa jumla kwa nusu ya bei ya rejareja, kama ilivyozoeleka, litakupa 85, yaani gharama yako kamili. Kama una ndoto ya kuuza kwa maduka mengine, bei ya rejareja lazima ikaribie mara nne ya gharama, au gharama ishuke.

Ukiona soko haliwezi kubeba bei inayotoka kwenye hesabu hii, rudi kwenye karatasi ya maelezo. Punguza rangi za uchapaji, panga upya vipande vya kukata ili kitambaa kisitupwe, au badilisha nguo. Kushusha bei kwa matumaini si mpango.

Hatua ya 7: Duka lenyewe

Hapa watu hupoteza miezi bila sababu. Chaguo ni mawili makubwa. Jukwaa la kulipia kila mwezi kama Shopify, ambalo seva, usalama na masasisho ni kazi yao. Au WooCommerce, programu ya duka inayowekwa juu ya tovuti ya WordPress, ambayo yenyewe ni bure lakini seva, nakala za akiba na kila kitakachoharibika ni chako. Kama huna mtu wa kompyuta karibu, lipia. Shopify yenyewe ilianzia dukani: waanzilishi wake walitaka kuuza mbao za kutelezea kwenye theluji mwaka 2004, hawakupata programu ya kuwafaa, wakaandika yao, na mwaka 2006 wakaifungulia watu wengine.

Kuuza kwa ujumbe wa WhatsApp na Instagram pekee kunawezekana mwanzoni, na kwa oda chache kwa siku kunatosha kabisa. Lakini akaunti ya mtandao wa kijamii si mali yako. Inaweza kufungwa ukiwa umelala. Tovuti na orodha ya barua pepe au namba za wateja waliokubali kupokea habari ndivyo vinavyobaki mikononi mwako.

Kabla ya kuchagua jukwaa, hakikisha linapokea njia za malipo ambazo wateja wako wanazitumia kweli, iwe kadi, pesa za simu au benki. Usijaribu kuhifadhi namba za kadi za watu. Mwachie mchakataji wa malipo. Kisha kurasa: ukurasa wa mwanzo, ukurasa wa bidhaa, jedwali la vipimo, usafirishaji na marejesho, ukurasa mfupi wa ninyi ni nani, na namna ya kuwapata. Zinatosha.

Onyesha gharama ya usafiri mapema. Baymard Institute, inayochunguza maduka ya mtandaoni, imekuwa ikionyesha kwamba karibu asilimia 70 ya vikapu huachwa bila kulipiwa, na gharama za ziada zinazojitokeza mwishoni ndiyo sababu inayotajwa zaidi na wanaoacha wakiwa walitaka kununua. Pia ruhusu mtu anunue bila kufungua akaunti.

Hatua ya 8: Ukurasa wa bidhaa

Ukiwa na nguvu za kufanya jambo moja vizuri, liwe hili. Ukurasa wa bidhaa ndipo mkono wa mteja unapotafuta kitambaa.

Anza na picha. Dirisha kubwa lisilopigwa na jua la moja kwa moja linatosha. Weka ubao mweupe upande wa pili kupunguza kivuli. Piga nguo pasi ya mvuke, kwa sababu mkunjo mmoja wa mfukoni unaifanya ya mtumba. Weka karatasi nyeupe kwenye fremu ya kwanza ili urekebishe rangi baadaye. Bluu ya bahari ikionekana nyeusi, zitarudi zote. Picha zinazohitajika ni mbele, nyuma, karibu kabisa hadi nyuzi zionekane, kola, pindo kwa ndani, na nguo ikiwa imevaliwa na watu wawili wa miili tofauti. Andika urefu wa kila mmoja na saizi aliyovaa. Picha moja iwe ya mkono ukiwa ndani ya kitambaa, ukikivuta. Inajibu swali la unene na la kuonyesha kwa mara moja. Video ya sekunde chache ya mtu anayetembea inaeleza namna nguo inavyoanguka kuliko aya nzima. Pikseli 2,000 upande mrefu zinatosha, na faili ulikandamize lifunguke upesi kwenye simu.

Kisha maneno. Linganisha haya:

"Fulana kali ya kisasa yenye ubora wa hali ya juu, inayokufaa kwa kila tukio."

Na haya:

"Pamba tupu, gramu 220. Ni nzito na haionyeshi hata ile nyeupe. Tumeifua kabla ya kushona, kwa hiyo haitapungua zaidi ya sentimita 1. Kola ni nene na hairegei. Imekatwa pana kifuani na fupi kidogo: ukitaka ikufike chini ya mkanda, chukua saizi moja juu. Joto kali likiwepo utalihisi. Hii si fulana ya mazoezi."

Sentensi ya mwisho huwaogopesha wauzaji wapya. Ibakize. Anayetaka fulana ya mazoezi angeinunua na kuirudisha, na msomaji anayeona umemwambia ubaya mmoja anaamini mazuri matano.

Jedwali la vipimo liwe la nguo iliyolazwa, kwa sentimita, likiwa na mchoro wa wapi tepu inapita, na mstari huu: "Chukua fulana yako inayokukaa vizuri, ilaze mezani, ipime hivi, ulinganishe." Mtu hahitaji kujua vipimo vya mwili wake, anahitaji kulinganisha na nguo anayoipenda tayari. Hapo mkono wake umepata cha kushika.

Hatua ya 9: Lebo za ndani, kufungasha, kutuma na kupokea marejesho

Lebo ya ndani itaje aina ya nyuzi kwa asilimia, saizi na namna ya kufua. Umoja wa Ulaya unadai maelezo ya nyuzi kwa kanuni namba 1007 ya mwaka 2011. Marekani inadai nyuzi, nchi ilikotengenezwa na mhusika wa bidhaa. Soma sheria ya kila nchi unayotuma. Alama za ufuaji zina kiwango cha kimataifa, ISO 3758: beseni ni kufua, pembetatu ni dawa ya kung'arisha, mraba ni kukausha, pasi ni pasi, duara ni usafi wa kitaalamu.

Mfuko au boksi? Wasafirishaji wengi wa ndege hutoza kwa ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000, unapata kilo. Fulana ya gramu 250 kwenye boksi la 30 kwa 25 kwa 10 inatozwa kama kilo 1.5. Kwenye mfuko bapa wa kimo cha sentimita 3, ni 0.45. Boksi zuri lenye karatasi laini na stika linapendeza kwenye video za kufungua mzigo, lakini lilipwe na bei ya gauni, si ya fulana.

Sera ya marejesho iandike kwa lugha ya kawaida: siku ngapi, nguo iwe katika hali gani, nani analipa usafiri, pesa zinarudi lini. Anayenunua mtandaoni ndani ya Umoja wa Ulaya ana siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu, upende usipende. Kwa wengine, rahisisha zaidi kubadilishana saizi kuliko kurudishiwa pesa. Weka vipande vichache pembeni kwa kazi hiyo.

Hatua ya 10: Kufungua, na toleo la pili

Wiki kadhaa kabla ya kuuza, onyesha kazi: jaribio la kufua, sampuli iliyokataliwa na sababu yake, fundi akikata kola. Watu wakiuliza swali lile lile mara mbili, jibu lake liingie kwenye ukurasa wa bidhaa. Kusanya namba na barua pepe za wanaotaka kuarifiwa. Kabla ya siku yenyewe nunua kitu kwenye duka lako kwa pesa zako, kwa simu ya bei nafuu na intaneti ya kusuasua, kisha jirudishie pesa. Utagundua mambo.

Matangazo ya kulipia yasubiri hadi wageni wasiokujua waanze kununua bila kusukumwa. Kabla ya hapo unalipia watu waje kuona ukurasa usiojibu maswali yao. Nguo chache kwa watu wanaotazamwa na wateja wako huleta zaidi, mradi usiwape maneno ya kusema.

Kwa kila nguo inayorudi, andika saizi, rangi na sababu kwa maneno ya mteja mwenyewe. Baada ya toleo moja daftari hilo litakuambia zaidi ya idadi ya wafuasi. Saizi L zikirudi kwa kubana begani tu, mbadilishie fundi kipimo cha bega kwenye karatasi ya maelezo. Zikirudi kwa sababu "nilidhani ni ndefu zaidi" ilhali urefu ni sawa na jedwali, nguo haina kosa: piga upya picha iliyovaliwa na mtu mrefu, kisha uagize tena bila kugusa kipimo hata kimoja.